Mgongo Wazi wa Maneno

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kisumu akashika njia ya Obunga hupokewa na harufu ya mafuta yachemkayo kabla hajaviona vibanda vyenyewe, na akifika huwakuta akina mama wameketi mbele ya makarai mapana meusi, wakikaanga kitu ambacho mgeni hukitazama mara mbili ndipo akakitambua: kichwa cha samaki, uti wa mgongo na mkia, vyote vimeshikana kama vilivyoumbwa, ila nyama ya ubavuni haipo. Kitu hicho huitwa mgongo wazi. Ni mbuta aliyepita kiwandani, akaondolewa minofu, minofu ikagandishwa na kupakiwa kwenda Ulaya na nchi nyingine za mbali, na mabaki yake, ambayo kiwanda hakikuwa na haja nayo, yakarudi kwa watu wakaao ukingoni mwa ziwa lile lile alimovuliwa, nao wakayanunua. Mgongo wazi ni mtamu, wala sisemi hivyo kwa kujifariji. Aliyeula kwa ugali wa moto saa saba ya mchana hana la kusikitikia. Lakini tangu miaka miwili mitatu iliyopita, kila niuonapo, mawazo yangu hayakai kwenye samaki. Huenda kwenye maneno.

Mwezi wa Juni 2024 kampuni ya Google iliongeza lugha 110 katika programu yake ya kutafsiri, na miongoni mwazo ilikuwamo Dholuo, lugha ya Wajaluo wa pande hizi. Na miaka miwili kabla yake kampuni ya Meta ilikuwa imekwisha kutoa mashine yake ya kutafsiri lugha 200, nayo Dholuo ikawamo. Furaha iliyowaingia watu ilikuwa ya haki. Lugha ambayo mtoto wa zamani aliitamka katika ua wa shule akavishwa kibao shingoni kama mkosaji, leo imekalishwa safu moja na Kifaransa. Lakini mtu mwenye tabia ya kuuliza, akiisha kufurahi, huuliza: mashine hii isiyo na nyanya, iliyozaliwa California, ilifundishwa Dholuo na nani?

Haikufundishwa na mtu, ililishwa. Akili unde ya namna hii, ambayo ndugu zetu wa Tanzania hupenda kuiita akili mnemba, hupewa maandishi kwa mamilioni ya kurasa, yakakatwa vipande vidogo vidogo, ikafichiwa kipande kimoja na kutakiwa ikibahatishe, na kila ikikosea hurekebishwa tarakimu zake, zilizo kwa mabilioni, kidogo kidogo, hata kubahatisha kukafanana na kujua. Maandishi yenyewe hayapangwi ndani yake kama vitabu kabatini, lakini athari yake hubaki, na pengine hubaki kwa ukamilifu hata mashine ikaweza kukariri ibara nzima neno kwa neno. Kwa lugha kubwa chakula hicho hakina mwisho. Kwa Dholuo kilichoko mtandaoni ni haba: Biblia, ambayo tafsiri yake nzima ilitoka mwaka 1953, machapisho ya makanisa, habari, maneno ya nyimbo, na yale ambayo watu wa kawaida huyaandika kwa simu zao, salamu, matangazo ya matanga, vichekesho na hadithi za wazee, bila kudhani kwamba yuko msomaji asiyelala ambaye hayasomi kwa ajili ya kucheka wala kulia.

Makampuni yakiulizwa kwa idhini ya nani, hujibu kwa neno la Wamarekani ambalo mimi nalifasiri matumizi ya insafu. Asili yake ni shauri la mwaka 1841, lililoamuliwa na Jaji Joseph Story wa Massachusetts: mwandishi mmoja alikuwa ametunga habari za maisha ya George Washington katika juzuu mbili zenye kurasa 866, na kurasa 353 kati ya hizo zilikuwa zimenakiliwa kutoka katika kazi ya juzuu 12 iliyotolewa na mtu mwingine. Jaji akatafuta mizani ya kupimia uchukuaji wa aina hiyo: tabia yake na makusudio yake, kiasi cha kilichochukuliwa na thamani yake, na hasara inayompata mwenye kazi. Mizani hiyo ikaja kutiwa katika sheria ya Marekani mwaka 1976, na tangu hapo imewatoa wachukuaji wengi katika dhiki, hata watu wakasahau kwamba katika shauri lile la kwanza mchukuaji alishindwa.

Kenya haina mizani hiyo. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 ilifuata mwendo wa Waingereza, ambao hautoi mizani bali huhesabu milango: utafiti wa kisayansi, matumizi ya mtu binafsi, uhakiki, na utangazaji wa habari za wakati, na apitaye sharti amtaje aliyemchukulia. Kulisha mashine hakumo kwa jina katika milango hiyo. Wakili hodari anaweza kukuambia kwamba huo ni utafiti, na mwenzake aliye hodari zaidi akamwuliza ni utafiti gani huo unaolipiwa ada ya kila mwezi. Ajabu ni kwamba ukivuka maji hali hubadilika, kwani Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2006, iliweka mizani ya mambo manne inayofanana sana na ile ya Marekani, na Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 1999 yenye mpango wake. Ziwa ni moja, na ngege hajui mpaka. Lakini hadithi ikisimuliwa mashuani karibu na kisiwa cha Migingo, ambacho Kenya na Uganda zimekigombania miaka mingi, kisha ikapandishwa mtandaoni kabla mashua haijafika pwani, kadhi wa kuamua ni ya sheria ipi hajazaliwa.

Kwa hiyo macho ya wote yameelekezwa Marekani, yaliko makampuni yenyewe. Juni 2025 Jaji William Alsup wa San Francisco, katika shauri la waandishi dhidi ya kampuni ya Anthropic, aliamua kwamba kuifundisha mashine kwa vitabu ni matumizi ya insafu, kwa kuwa kitokacho ni kitu kingine kabisa na kile kilichoingia. Lakini kujiwekea maktaba ya nakala za haramu, zilizopakuliwa kutoka katika maghala ya wezi wa vitabu, si insafu. Siku mbili baadaye, katika mahakama iyo hiyo, Jaji Vince Chhabria aliipa Meta ushindi katika shauri la namna hiyo, ila kwa shingo upande, akionya kwamba mashine inayolifurikisha soko kwa maandishi ya rahisi yashindanayo na ya wale iliojifunzia kwao haina haki ya kutazamia ushindi kila siku. Anthropic ikakubali kulipa dola bilioni 1.5 ili kuyamaliza, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, na magazeti yakaandika kwamba waandishi wameshinda.

Waandishi gani? Sharti la kuingia katika fungu lile lilikuwa kitabu kiwe kimesajiliwa katika ofisi ya hakimiliki ya Marekani, tena ndani ya muda maalumu. Na kitabu kilichochapishwa Nairobi kikauzwa Kisumu, ambacho mwandishi wake hakuwaza hata siku moja kukipeleka Washington kikaandikishwe, kilipita katika matundu ya wavu ule kama omena. Sisemi hivyo kwa kulaumu, kwa maana mahakama ya ugenini haikuwekwa kwa ajili yetu. Nasema ili asiwepo wa kukaa barazani akingoja hundi.

Tena uko mfano wa karibu, uliotokea katika fani ambayo watu wa ziwa hawajapata kuwa maskini kwayo. Mwaka 1976 kundi la Black Savage lilirekodi wimbo uitwao Kothbiro, yaani mvua yaja. Baadaye Ayub Ogada, aliyekuwa mmoja wa wenye kundi hilo, aliurekodi upya kwa nyatiti, nao ukasikika ulimwenguni, hata katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwaka 2018 mwanamuziki Kanye West alichukua kipande cha toleo lile la Black Savage akakitia katika wimbo wake wa Yikes, na miongoni mwa watunzi wa wimbo huo yakaandikwa majina ya Ayub Ogada na mwenzake James Mbarack Achieng. Ogada alifariki Februari 2019, Nyahera, nje kidogo ya mji huu. Kipande kile ni kifupi, lakini sikio la mwanadamu hukitambua, na kilipotambuliwa jina likatafutwa likapatikana. Mashine haichukui kipande. Huchukua chembe kwa kila mtu, nyimbo elfu na barua elfu pamoja, na kwa kuwa imewachukulia wote, haina wa kumtaja. Aliyechota sekunde chache alipaswa kuandika jina la mwenziwe, na aliyekomba maktaba hapaswi.

Hata hivyo Ogada alikuwa na jina, na wimbo wake ulikuwa na tarehe. Wapo wasio na kimojawapo, nao ndio wanaonishughulisha kuliko mashauri yote ya San Francisco. Katika zamani za Wajaluo watoto walilala katika nyumba iliyoitwa siwindhe, chini ya ulezi wa mwanamke mzee, pim, na humo ndimo walimofundishwa sigana, yaani ngano, na vitendawili, nasaba na adabu. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wameieleza habari ya pim katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989. Sigana haikuwa na mtunzi ajulikanaye, lakini haikuwa mali ya ovyo: ilikuwa na nyumba, na mlango, na mwenye nyumba. Sheria ya hakimiliki haiuoni mlango huo. Hutafuta maandishi ama ukanda wa sauti, na kazi isiyotiwa katika umbo la kudumu huwa haijazaliwa kwake. Basi nyanya akisimulia na mgeni akamnasa kwa simu, rekodi huwa ya yule aliyeipanga, na nyanya hubakiwa na haki za mtendaji, ambazo hakuna aliyepata kumwambia kwamba anazo.

Wenye kutunga sheria hawakulala kabisa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 11, iliagiza itungwe sheria ya kuzipatia jamii fidia ama mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 ikapatikana sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, ambayo humtaka atakaye kuzitumia apate kwanza idhini ya jamii yenye mali, na kuzitaka serikali za kaunti ziweke daftari la mali hizo. Ni sheria njema, na kasoro yake ni hii, kwamba iliandikwa kwa ajili ya mgeni abishaye hodi, wala haikumwaza mgeni asiyekuja kabisa.

Maana mgeni wa zamani alau alionekana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita magharibi ya Kenya na mashine zake za kunasia sauti, na kule Kapkatet, juu ya nyanda zinazotazama upande wa ziwa, wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia wimbo wa Chemirocha, ambao tangu hapo haujaacha kusikilizwa ng'ambo. Sauti hizo zilihifadhiwa kusini mwa Afrika katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, na ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo nakala zikarudishwa kwa wenyewe, na baadhi ya waliokuwa wangali hai wakazisikia sauti za ujana wao. Miaka 60 ni mingi, na deni lililochelewa hivyo lina uchungu wake. Lakini lilikuwa na anwani. Gari lilionekana likija, watu wakajipanga, na miaka mingi baadaye aliyetaka kurudisha alijua kijiji cha kurudishia.

Nisije nikaonekana kama mtu atakaye lugha zake zifungiwe sandukuni. Ukitoka Kisumu kwa njia ya Busia utafika Maseno, kwenye mstari wa Ikweta, na hapo katika chuo kikuu wako wataalamu ambao, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Africa Nazarene, walikusanya hazina iitwayo Kencorpus: maandishi 4,442 yenye maneno milioni 5.6, na faili za sauti 1,152 zenye jumla ya saa 177, katika Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Kimarachi, Kilogoli na Kibukusu. Baadaye chuo hicho cha Maseno, chini ya Daktari Lilian Wanzare, kikashika upande wa Kenya katika mradi wa African Next Voices, ambao umekusanya takriban saa 9,000 za sauti kutoka lugha 18 za Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Watu hawa wamefanya kazi ambayo makampuni yenye mapesa hayakuona haja ya kuifanya, na wameifanya kwa kubisha hodi. Kwani mtafiti hapa Kenya hawezi kuanza utafiti bila leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, wala kumtia mtu kinasa sauti mdomoni kabla ya kumweleza anachokitaka. Mwanafunzi wa Maseno atakaye saa moja ya masimulizi ya bibi mmoja wa Seme hujaza makaratasi. Mashine ya ng'ambo itakayo masimulizi ya Seme yote haijazi hata moja.

Na mkusanyaji mwaminifu akiisha kukusanya, hukutana na shauri lingine zito. Akiifungia hazina, watafiti wenziwe maskini wa Kampala na Dodoma hawaioni. Akiifungua kwa wote, kama ilivyo ada ya wanachuoni, hufungulia pia wale ambao wangeweza kuinunua mara mia. Kundi la Masakhane, linalowaunganisha wanasayansi wa lugha za Kiafrika, limewahi kuonja ukali wa shauri hili kutoka upande wa pili: kwa muda lilitegemea sana mkusanyo wa JW300, uliotolewa mwaka 2019, ambao ulikuwa na maandishi ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, na kwa lugha nyingi za bara letu haukuwako mwingine wa kufanana nao. Ikabainika kwamba masharti ya tovuti ile hayakuruhusu uchotaji wa namna hiyo, wenye mali walipoombwa idhini hawakuitoa, na mkusanyo ukaondolewa. Wadogo walitii. Sijui neno la kistaarabu la kulinganisha utii ule na mwenendo wa wakubwa, kwa hiyo naliacha.

Katika jitihada za kutoka humo, wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria na wa kituo cha CIPIT cha Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, wametunga leseni yenye jina la Kiigbo, Nwulite Obodo, ambayo huwaachia hazina bure watumiaji wa Afrika na wa nchi nyingine zinazoendelea, na huwataka wengine wote wapatane kwanza juu ya faida itakayorudi kwa wenye lugha. Wapo waliolalamika kwamba huko ni kubagua. Mimi naliona ni jambo ambalo kila mvuvi wa Dunga analijua tangu utoto: ziwa ni la wote, lakini halikuachwa bila ada. Kila pwani ina kamati yake ya usimamizi, mashua huandikishwa, tundu la wavu hupimwa, na tangu mwanzo wa Aprili mpaka mwisho wa Julai omena haivuliwi, ijapokuwa imejaa majini na mwezi umefichama na taa zimetiwa mafuta. Hapana avuaye kwa hoja kwamba maji hayana ukuta. Na hoja ya makampuni, ukiivua maneno yake ya kisheria, ni hiyo hiyo: kwamba ukurasa haukuwa na ukuta.

Nitakalo mimi si ukuta. Nataka mwenye mashine ajulikane amechota nini na wapi, kama mashua ijulikanavyo kwa namba yake. Nataka lile daftari la kaunti, ambalo sheria ya mwaka 2016 iliagiza, liwe na mtu wa kulishika na simu ya kupokea. Na nataka mtu wa Usenge ama wa Mbita, ambaye maneno yake yameingia ndani ya mashine, asije akauziwa mashine hiyo kwa bei ya mtu wa London. Hayo si mengi. Hata kiwanda cha samaki humlipa mvuvi mlangoni kabla ya kutoa minofu.

Juma lililopita nilikuwa Obunga, nikiwa nimeketi juu ya kreti mbele ya karai la mama mmoja aliyezaliwa upande wa Gwassi, na katika kungoja samaki wangu nikaiuliza programu moja ya simu inisimulie habari ya Nyamgondho mwana wa Ombare. Hakuna mtoto wa pwani hizi asiyeijua: Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara, akatega, akamvua mwanamke mzee kutoka majini, akamchukua nyumbani, na tangu siku hiyo ng'ombe wakajaa boma, hata usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana na kumkumbusha alikomtoa, mwanamke akaondoka alfajiri kuelekea ziwani, na ng'ombe wote, na mbuzi, na kuku, wakamfuata wakazama, na Nyamgondho akasimama ukingoni ameegemea fimbo yake mpaka akageuka mti, huko Nyandiwa. Programu ikasimulia kwa Dholuo safi ya kutosha. Ila ilipofika mwisho, Nyamgondho akaomba radhi, mwanamke akamsamehe, ng'ombe wakarudi, wakaishi kwa raha.

Mama alikuwa ameacha kugeuza samaki akisikiliza. "Huyo amesimuliwa na nani?" akauliza.

"Hasemi, mama. Nimemwuliza, hasemi."

"Basi alisikilizia mlangoni, akaondoka kabla haijaisha." Akapangusa mikono kwa leso, akasogeza kigoda chake karibu na kreti langu. "Weka simu mfukoni kwanza, mwanangu. Izime kabisa. Haya: Nyamgondho alikuwa mvuvi."